Vichwa Vinne vya Mashine ya Nkusi

Rugerero, tarehe 6 Oktoba 2024

Kwako Masera Umutesi, dada yangu mukubwa,

Yambo sana. Mi niko muzima na natumaini na we uko muzima, na kuku wako pia, maana Jack wa lori alinieleza kwamba siku alipita kwenu Karagwe alikukuta langoni pa masera, masista wenzako, na kuku mbili kwapani. Miaka ine ya chuo kikuu kule Dar es Salaam, kusoma matumbo ya kompyuta, diploma iko na picha yako na kofia, na mwisho wake kuku. Bon. Kila mutu na wito wake.

Nakusalimia na wewe mama mulezi, ambaye unafungua barua zinazoingia na kusoma kabla dada yangu hajasoma. Dada alisema Kinyarwanda hujui, donc niandike Kiswahili. Hiki hapa. Ni kile cha bibi yetu wa Masisi. Kama hakikupendezi mulalamikie yeye, amelala kaburini toka zamani.

Huku mama yako, yaani mama mukubwa wangu, iko muzima, goti tu linamusumbua asubuhi, anasema uliombee. Mbuzi alizaa mbili. Kabera jirani alinunua pikipiki, siku ya kwanza akaingia nayo ndani ya shamba la karoti la mwalimu. Sasa inalala chini ya turubai na yeye anatembea kwa miguu akisema mafuta yamepanda.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kiwanda cha kahawa cha patron Nkusi, pale chini ya Nengo, mahali mama mukubwa anachambua kahawa mezani na wenzake kumi. Mi pia niko pale toka mwezi wa saba, nabeba magunia. Mwezi wa nane patron alileta mashine ya kuchambua. Punje zinaanguka kama mvua, kamera inaziona, ile nyeusi ikipita mudomo wa hewa unaipuliza, inaenda ndani ya ndoo ya mbovu. Toka kamera mpaka mudomo ni sehemu nane za elfu ya sekunde. Nimesoma kwenye kitabu chake, usifikiri nabuni.

Ubongo wa zamani uliungua, patron akaleta engénieur toka Kigali, anaitwa Rugwiro. Miwani nyeusi ndani ya nyumba, begi la ngozi ambalo ndani yake niliona sandwichi na kebo moja. Akaweka kompyuta mupya yenye vichwa ine vya kufikiri, akatuambia ni mfumo wa wakati halisi, akalitamka kama padri anatamka Kilatini. Na mashine inafanya nini? Inakaa saa mbili sawa sawa, halafu inakuwa mulevi. Inapuliza kwa kuchelewa: punje nyeusi inapita, jirani yake muzuri asiye na kosa anatupwa. Ndoo ya mbovu inajaa kahawa ya harusi. Rugwiro anazima, anawasha, anafuta kamera na shati yake. Mi nikasema moyoni, hata mi mwenye nilitoka shule mwaka wa tatu naweza kufuta kamera na shati.

Patron alisema mbele ya watu wote: atakayeiponya kabla ya Noeli, huyo ndiye mutu wa mashine. Sio wa magunia tena. Donc niambie inaumwa nini. Niandikie kabla haujasahau yote kwa kuimba zaburi.

Mudogo wako mwenye akili,
Régis

*

Karagwe, 3 Novemba 2024

Régis,

Salamu. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Goti la mama nimeliombea, lakini mwambie pia aache kukaa kwenye kile kigoda cha chini. Mungu ana kazi nyingi.

Kuku ni kumi na tisa, wala hawana kiburi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu aliyewahi kuishi nyumba moja nawe. Barua ninazotuma mama mlezi hazisomi, ananiamini, kwa hiyo nitasema wazi.

Ugonjwa unaouelezea sikuhitaji hata kuusoma mara mbili. Mfumo wa wakati halisi hauahidi mbio, unaahidi kutochelewa. Mashine yenu inachelewa, maana yake kuna mtu anaigonga begani inapofanya kazi. Kila kifaa kwenye kompyuta, iwe kamera, mtandao au kioo, kikitaka kusikilizwa hupiga kengele, na kichwa kimoja lazima kiache kazi yake kiitikie. Vitabuni tunaiita kikatizo. Kompyuta hiyo ina faili linalohesabu kengele hizo, safu moja kwa kila kichwa. Litafute, uandike unachokiona. Usiguse chochote. Na chunguza mashine inalewa saa ngapi, na wakati huo nani anafanya nini.

Lakini kabla ya hayo nijibu swali moja, nalo si la kompyuta. Mashine hiyo ikipona, mama atakaa wapi? Wako wanawake kumi na mmoja kwenye ile meza. Naye amekaa pale miaka kumi na minne.

Jibu hilo kwanza.

Umutesi

*

Rugerero, 17 Novemba 2024

Masera,

Yambo. Kigoda nimekiondoa, nilikipasua kuni. Mama mukubwa alininunia siku mbili. Leo amecheka tena sababu Kabera alitoa pikipiki chini ya turubai akakuta kuku amelalia mayai kwenye kiti. Unaona, kuku wanakufuata mpaka huku.

Mama mulezi, amani kwako. Hapa chini iko mambo ya kompyuta, unaweza kuruka, hakuna dhambi ndani.

Dada, mi ni mutu hatari. Nilikaa kwenye gunia siku tatu nikiangalia mashine kama paka anaangalia shimo. Unajua inalewa wakati gani? Wakati patron anaitazama. Rugwiro alimuwekea kwenye simu yake kitu cha kuona picha za kamera kutoka Kigali, punje zote zikianguka, mubashara. Patron anafungua simu aone kama mashine inafanya vizuri, na palepale inaanza kufanya vibaya. Anaona vibaya, anapiga simu kwa hasira, anaendelea kutazama sababu ana hasira, nayo inaendelea kuharibika sababu anatazama. Akichoka akafunga simu, inapona. Rugwiro anasema, umeona, nimeitengeneza. Miezi mitatu hiyo, na diploma iko ukutani.

Faili nimelipata. Nilimuomba Rugwiro anionyeshe, akacheka, akanionyesha ili acheke zaidi. Safu ine. Ya kwanza iko na mamilioni: kamera, mtandao, kioo, kila kitu. Safu ya pili, ya tatu, ya ine: sifuri, sifuri, sifuri. Wale watatu wanalala tu. Na kazi ya kuchambua yenyewe Rugwiro ameifungia kwa mukono wake kwenye kichwa kile kile cha kwanza.

Nikamuuliza, "Kwa nini umeiweka pale?"

Akavua miwani, mara ya kwanza nikaona macho yake, ni madogo. "We kijana," akasema, "kwenu kwenye harusi, mugeni mukubwa munamukalisha wapi?"

"Mbele."

"Basi. Kazi kubwa inakaa mbele. Hiyo siwezi kukufundisha, ni mambo ya shule."

Mi nahisi pale ndipo kosa iko, ila sijui kuhamisha. Andika haraka, kabla masera hamujaingia kwenye kunyamaza kwenu kwa Majilio, maana najua barua zinafungiwa mpaka Noeli. Jack anapita kwenu tarehe ishirini na nane. Atangoja langoni.

Mama mukubwa anakusalimia sana.

Régis, engénieur bila miwani

*

Karagwe, 28 Novemba 2024

Régis,

Jack yuko langoni anakula mahindi, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Hukujibu swali langu. Niliapa kwamba usipolijibu sitakuandikia neno la kompyuta. Kisha nikasoma habari ya mgeni wa harusi, nikashindwa kula. Miaka minne nilikaa na watu kama Rugwiro, wananiuliza mimi kama nimekuja darasani kupika chai.

Sikiliza. Hapa tuko masista thelathini. Lango lina kengele: muuza samaki, fundi bomba, mama anayetaka dawa. Kama kila kengele ingeitikiwa na yule anayeongoza zaburi, tusingefika mwisho wa zaburi hata siku moja. Kwa hiyo mmoja amewekwa langoni. Mwezi huu ni mimi, kwa sababu sijui kuimba. Wengine wanaimba bila kugeuza shingo. Ndivyo inavyofanywa kwenye mashine. Kichwa cha kwanza ndicho kilichoko mlangoni. Mtu asipopanga, kengele zote zinaanguka pale. Rugwiro amemchukua mgeni wa heshima akamketisha mlangoni, halafu anashangaa kila anayeingia anamkanyaga miguu.

Mtandao na kioo viache kwa kichwa cha kwanza. Kazi ya kuchambua ihamishie kichwa cha nne, na kengele ya kamera iipeleke huko huko, kwa sababu hiyo ndiyo kengele pekee inayoihusu. Kila kengele ina faili lake dogo, na ndani yake unaandika namba ya kichwa kinachoruhusiwa kuiitikia. Namba hazihesabiwi kama vidole: kichwa cha kwanza ni moja, cha pili ni mbili, cha tatu ni nne, cha nne ni nane. Ukiandika tatu ukidhani umesema cha tatu, umesema cha kwanza na cha pili pamoja. Najua ungeandika tatu. Kabla ya yote, ua ile programu inayogawanya kengele yenyewe kila baada ya sekunde kumi, la sivyo itakurudishia uchafu nyuma ya mgongo wako. Yote ni mistari mitatu ya amri. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mwaka wa tatu.

Jack amemaliza mahindi. Swali langu liko palepale.

Umutesi

*

Gisenyi, 22 Desemba 2024

Kwa Masera Umutesi, kutoka kwa Mutu wa Mashine,

Noeli njema mbele, maana barua hii utaipata mukishafunguliwa midomo. Mama mulezi, Noeli njema na kwako, nakutumia baraka, kama inaruhusiwa kwenda kwa upande huo.

Dada, ungekuwa hapa. Tarehe kumi na tatu patron alishuka kutoka Kigali yeye mwenyewe, simu mukononi. Rugwiro alikuwa ameenda kutafuta kebo, yaani kula. Mi nikaenda kwenye kibodi na karatasi yako ndani ya mufuko. Sikuitoa hata. Nilikuwa nimeishika kichwani toka siku ya kwanza kama Baba Yetu.

Rugwiro akarudi, akaona. "Toa hiyo mikono ya magunia."

"Nimeshatoa," nikamwambia. "Patron, fungua simu. Tazama mpaka uchoke."

Patron akafungua. Tukangoja. Yeye anatazama simu, mi natazama ndoo, Rugwiro anatazama mulango. Robo saa. Patron akainama, akaingiza mukono ndani ya ndoo ya mbovu mpaka kwenye kiwiko, akatoa. Nyeusi, nyeusi, iliyovunjika, nyeusi. Hakuna muzuri hata moja.

"Nani alifanya hii?"

Rugwiro akasema, "Tumefanya."

Tumefanya, sha. Nikamwambia, "Sawa, engénieur. Basi tuambie tuliweka kamera namba ngapi." Akasema, "Ine." Hata mwaka wa tatu tunajua ni nane.

Nimepewa koti la bluu, mugongoni limeandikwa MASHINE. Na nikuambie ujanja wangu, usinifundishe adabu. Mistari yako inakufa umeme ukikatika. Mashine ikiwaka tena inarudi kwa ujinga wa Rugwiro, mugeni mulangoni. Ningeweza kutafuta mahali pa kuihifadhi ikae yenyewe. Sikutafuta. Hapa Gisenyi umeme unakatika mara mbili kwa juma, na kila mara kiwanda kizima kinasimama kumungoja Régis aje apige vidole vyake. Patron ananiita kwa jina. Rugwiro ananiita kwa jina. Nikifika naketi polepole.

Mama mukubwa iko muzima. Goti pia. Anapumzika.

Régis

*

Karagwe, 9 Januari 2025

Régis,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula wali na kuku wawili wa Noeli, wale wale wa kwapani. Sista mmoja mzee alifariki tarehe mbili, kwa amani.

"Anapumzika." Umeandika kurasa tatu kuhusu vidole vyako na neno moja kuhusu mama.

Pamoja na barua yako Jack aliniletea nyingine, kutoka kwa Vénantie, yule anayekaa kushoto kwa mama mezani. Mama hakumtuma, aliandika mwenyewe. Anasema tarehe ishirini Desemba patron aliwaita uani. Wakavaa vitenge vizuri, kwa sababu kila mwaka kabla ya Noeli patron husomesha majina na kila mmoja hupewa kilo mbili za sukari na kipande cha sabuni. Anasema majina yalisomwa na wewe, kwa kuwa patron alikuwa amesahau miwani. Anasema mama alipoitwa alijibu, "Iko hapa," akapiga hatua mbele na mfuko wake umefunguliwa tayari. Ndipo patron akasema kwamba hao waliosomwa wasirudi baada ya sikukuu.

Je, ulijua orodha ile ni ya nini ulipokuwa unaisoma? Sikuulizi kwa kupamba barua.

Nami nitasema la kwangu, ili usidhani najiweka juu. Nilijua toka barua yako ya kwanza. Niliuliza swali, nikaona hukulijibu, na bado nikakuandikia ile mistari, kwa sababu upumbavu wa Rugwiro ulinisumbua kuliko meza ya mama. Nilitaka kumshinda mtu ambaye sijawahi kumwona. Nimeungama. Padri alidhani nazungumzia wivu.

Kuhusu kutohifadhi ile mistari: ni kazi chafu. Fundi hafichi funguo ili apigiwe magoti. Karatasi ya pili inaonyesha faili la kuwashia na mahali pa kuiandika, ili mashine iamke yenyewe ikiwa na akili. Fanya hivyo, umeme ukatike utakavyo, halafu rudi kubeba magunia ukiwa mtu.

Kwaresima inaanza tarehe tano Machi. Ukitaka kujibu, jibu kabla.

Umutesi

*

Rugerero, 27 Februari 2025

Dada Umutesi,

Yambo. Pole kwa sista aliyefariki. Mbuzi mudogo mumoja alikufa pia, silinganishi, nakupa habari tu. Mama mulezi, salamu.

Umeuliza kama nilijua. Nilijua. Patron aliniambia asubuhi, akanipa karatasi, akasema, "We una sauti." Nilisoma jina la mama mukubwa sauti ile ile kama majina mengine. Akajibu kama ulivyoandika. Sasa umejua, usiniulize tena.

Nikuambie habari ya nyumbani. Asubuhi mama mukubwa anaamka saa ile ile, anafunga kitambaa kichwani, anaketi mulangoni na sinia. Alichambua maharage yetu. Yakaisha. Akachambua muchele. Halafu nikamukuta anachambua makaa, makubwa huku, madogo huku, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko. Juma lililopita alikuwa na ungo wa muchele ambao siujui. Ni wa Kabera. Kabera hakuomba, mama mukubwa alienda kuuchukua mwenyewe. Na koti langu la bluu analifua kila Jumamosi, analipiga pasi, neno MASHINE analipiga pasi mara mbili. Hanitanii hata. We unajua mama mukubwa asipokutania ni namna gani.

Karatasi yako ya pili niliisoma. Nilielewa. Sikufanya. Hapo kwanza ilikuwa kiburi, nakubali, nilipenda kuketi polepole. Baadaye sijui ilikuwa nini.

Sasa sikia. Tarehe kumi na tisa mwezi huu, saa ine asubuhi, patron alikuja na mununuzi toka ng'ambo, muzungu murefu mwenye daftari. Mvua ikapiga, radi, umeme ukaenda. Jenereta ikawaka, mashine ikawaka, patron akafungua simu yake amuonyeshe mugeni picha. Unajua ilivyokuwa. Muzungu akaingiza mukono ndani ya ndoo ya mbovu, akatoa kiganja cha kahawa safi, akaandika kitu kwenye daftari.

Patron akaita, "Régis. Andika mistari yako."

Nikaketi. Polepole, kama kawaida. Mistari ile, dada, nimeiandika tangu Desemba karibu mara ishirini. Nimeiandika na malaria. Nimeiandika nikimutukana Rugwiro bila kutazama kioo. Nikaweka vidole.

"Nimesahau," nikasema.

Patron akasema, "Umesahau nini?"

"Yote. Imetoka kichwani."

Mama mulezi, wewe unayesoma, shika hivyo: kijana alisahau.

Rugwiro alifurahi mpaka nikamuonea huruma. Akavua koti lake, akasema, "Patron, nilikuambia, huyu alibahatisha," akaketi pale pale, akazima, akawasha, akafuta kamera na shati. Nusu saa. Muzungu akatazama saa yake. Mwisho patron akamuambia dereva, "Nenda Rugerero. Walete wale mama."

Walikuja tisa siku ile, wawili hawakuwa nyumbani. Mama mukubwa alishuka kwenye gari na kitambaa tayari kichwani. Akaenda kwenye ndoo, akashika punje, akazitandaza kiganjani, akaangalia mashine toka juu mpaka chini namna unavyoangalia mukwe muvivu.

"Nani alifundisha hii kitu?" akauliza.

Rugwiro akanionyesha kwa kidole. "Huyu."

Mama mukubwa akanigeukia. "Ni we? Miezi miwili unavaa koti napiga pasi, na hujui hata kutofautisha punje na takataka? Mi nilifikiri uko na kitu ndani ya kichwa." Vénantie akacheka, wote wakacheka, hata muzungu akacheka bila kujua. "Leta meza," akasema. "Na usimame mbali, usiniharibie."

Nikaleta meza. Nikasimama mbali.

Muzungu alikaa pale saa mbili akiangalia vidole vyao, akaandika sana. Alipoondoka patron alisema mashine itafanya kazi ya kwanza na meza itafanya ya mwisho, msimu huu na unaokuja, wote kumi na mumoja. Mi nimerudi kwenye magunia. Koti limechukuliwa na Rugwiro, halimuingii kwenye tumbo. Kila asubuhi akiniona anasema mbele ya watu, "Bonjour, engénieur," na mama mukubwa anacheka kuliko wote. Jioni tukirudi na basi anawaeleza abiria habari ya mutoto wake aliyesahau. Kila siku anaongeza kitu. Jana nilikuwa nimesahau mpaka jina langu.

Nilimuacha aseme.

Kuna vitu vya kumujibu Rugwiro, niko navyo vingi, vinanichoma ulimi. Ila ukiviandika tu hapa mutu atavisoma. Acha.

Kwaresima njema. Usile mayai.

Régis

*

Karagwe, 23 Aprili 2025

Régis,

Kristo amefufuka. Mimi ni mzima, kuku sasa ni kumi na saba. Nimeondolewa langoni, sasa niko bustanini.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, ikakaa ndani ya droo ya mama mlezi kwaresima yote. Nilijua iko pale. Sikujua imesema nini. Siku arobaini nilikuwa nakujibu kichwani kwa maneno ambayo sasa hayana kazi.

Kama fundi, nasema hivi: mashine mnayo, dawa yake inajulikana, na kila siku inatupa kahawa nzuri mbele ya watu wenye macho. Ni aibu. Ningekuwa mimi patron ningekufukuza hata kwenye magunia. Na Rugwiro ataendelea kuvaa miwani ndani ya nyumba, na kuandika kwenye barua zake za kuombea kazi kwamba aliwahi kuokoa kiwanda. Nimejaribu kuliombea hilo, sijafaulu.

Mwambie mama nimepata barua yake, ile aliyomwandikisha Vénantie. Kurasa nne. Goti halijatajwa. Zote ni habari za meza, nani anakaa wapi, nani ana macho mabovu siku hizi, na ukurasa mzima juu yako na ujinga wako. Sikumbuki lini alinitumia kurasa nne.

Jumatatu ya Pasaka mama mlezi aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa wazi mezani na kidole chake kilikuwa kwenye mstari.

"Huyu mdogo wako," akasema, "kitu alichokiandika mara ishirini, tena akiwa na malaria, amewezaje kukisahau siku moja?"

Unajua naishi wapi. Hapa tunaulizwa nani amemaliza chumvi na tunajibu kweli.

"Hakusoma sana, mama," nikasema.

Akaikunja barua, akanipa.

Dada yako,
Umutesi